Namna ya Kufuatilia Nguvu ya Chanjo kwa Watumishi wa Afya Kadiri Muda Unavyopita

Mtumishi wa afya aliyechanjwa miaka kadhaa iliyopita akiuliza kama bado ana kinga, jibu la ndiyo au hapana haliwezi kumtosheleza, kwa sababu swali lenyewe halijakamilika. Ni lazima kwanza ijulikane anauliza kuhusu ugonjwa gani, anataka kukingwa dhidi ya kuambukizwa au dhidi ya kuugua vibaya, ni muda gani umepita tangu apate dozi ya mwisho, na iwapo kirusi kinachozunguka sasa ndicho kile ambacho chanjo ilitengenezwa kukikabili. Chanjo moja inaweza kuonekana dhaifu kwa kipimo kimoja na imara kwa kingine, siku ileile, ndani ya mwili uleule. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtumishi anayetaka kuielewa kadi yake ya chanjo, na zaidi kwa yule aliyekabidhiwa kazi ya kusimamia chanjo za wafanyakazi katika kituo cha tiba, awe muuguzi, daktari au msimamizi wa udhibiti wa maambukizi.

Anza na rejista iliyo kamili

Kazi ya kwanza ni kuandaa rejista moja yenye majina ya watu wote wanaofanya kazi mahali ambapo wagonjwa, damu au taka za hospitali hupita. Rejista nyingi huishia kwa madaktari na wauguzi, zikawaacha wafanya usafi wanaobeba mifuko yenye sindano zilizotumika, wafuaji wa mashuka, wataalamu wa maabara, madereva wa magari ya wagonjwa, watumishi wa chumba cha maiti na wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo. Kundi hilo la mwisho husahaulika kuliko mengine yote, ilhali mwanafunzi ambaye mkono wake haujazoea sindano ana kila sababu ya kutangulia katika orodha.

Kwa kila mtu andika jina la chanjo, tarehe kamili ya kila dozi, namba ya toleo iliyoko kwenye kichupa, sehemu ya mwili iliyochomwa, na matokeo ya kipimo cha damu ikiwa kilifanyika pamoja na tarehe yake. Kuandika mwaka peke yake hakutoshi. Atakayetaka baadaye kujua kama kinga inapungua atahitaji kuhesabu siku tangu dozi ya mwisho, na hawezi kuzihesabu kutoka kwenye neno "2021".

Wapo watakaosema kwamba walichanjwa utotoni lakini kadi imepotea. Kwa surua na rubela, simulizi ya mdomo isichukuliwe kuwa ushahidi. Unaohitajika ni kumbukumbu iliyoandikwa au kipimo cha maabara kinachoonyesha kinga. Pale ambapo kumbukumbu haipo, mara nyingi ni rahisi zaidi kumchanja mtu upya kuliko kutafuta vipimo, kwa kuwa dozi ya ziada haimdhuru aliyekwisha kuwa na kinga. Tahadhari ni kwa chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama vile za surua, rubela na tetekuwanga, ambazo hazitolewi kwa mjamzito wala kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka sana. Aliyekatiza dozi za homa ya ini B haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia, hata kama miaka imepita.

Tofautisha kushuka kwa kingamwili na kuisha kwa kinga

Bila kulielewa jambo hili, msimamizi atafanya makosa ya aina mbili: atarudia chanjo zisizohitaji kurudiwa, na ataziamini mno zile zinazohitaji. Baada ya chanjo, mwili hutengeneza kingamwili zinazozunguka katika damu, na pia huacha seli kumbukumbu zinazoweza kukaa miaka mingi zikiwa kimya. Kingamwili huwa nyingi katika wiki za mwanzo, kisha hupungua. Huo ndio mwenendo wa kawaida wa mwili, na peke yake hauonyeshi kwamba chanjo imeshindwa. Kirusi kikiingia tena, seli kumbukumbu huamka, huongezeka na kuanza kutengeneza kingamwili mpya, lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa.

Kwa hiyo kinachoamua ni kasi ya ugonjwa. Homa ya ini B huchukua siku 60 hadi 150 tangu kirusi kiingie hadi dalili zianze, na seli kumbukumbu zinapata muda wa kutosha wa kukizima hata kama damu haikuwa na kingamwili za kuonekana siku ya kuambukizwa. Homa ya mafua huchukua siku 1 hadi 4 tu, na aina za karibuni za virusi vya UVIKO-19 haziko mbali na hapo. Seli kumbukumbu zinapokuwa tayari, kirusi kimeshazaliana puani na kooni. Mtu ameshaambukizwa na pengine ameshamwambukiza mgonjwa wa kitanda cha jirani. Hata hivyo zinafika kwa wakati wa kuzuia mapafu yasiharibiwe. Ndiyo maana kwa magonjwa haya ya haraka kinga dhidi ya maambukizi hushuka ndani ya miezi michache, huku kinga dhidi ya kulazwa na kifo ikidumu muda mrefu zaidi. Anayezichanganya kinga hizi mbili atasema chanjo haifanyi kazi wakati inafanya, au atavua barakoa wakati bado anaihitaji.

Homa ya ini B: pima kwa wakati wake, kisha acha kupima

Hii ndiyo chanjo ninayoshauri ishughulikiwe kabla ya nyingine zote, kwa sababu hatari yake iko mkononi mwa mtumishi kila siku. Mtu asiye na kinga anayejichoma na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B ana uwezekano wa kuambukizwa wa kati ya 6% na 30%, kutegemea wingi wa virusi katika damu hiyo. Kwa virusi vya UKIMWI uwezekano huo ni takriban 0.3%. Isitoshe, kirusi cha homa ya ini B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hivyo tone la damu lililokaukia kwenye meza ya maabara si la kudharauliwa.

Ratiba iliyozoeleka ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Choma kwenye msuli wa bega, kamwe usichome kwenye tako, kwa kuwa mafuta ya mahali pale hupunguza mwitikio wa mwili. Zaidi ya 90% ya watu wazima wenye afya walio chini ya miaka 40 hujenga kinga baada ya dozi tatu, lakini kiwango hicho hushuka kadiri umri unavyoongezeka, na wanapofika miaka 60 ni kama 75% tu wanaofanikiwa. Uvutaji wa sigara, unene uliokithiri na magonjwa sugu navyo hupunguza mwitikio. Kuna somo hapa kwa waajiri: kumchanja mtumishi mwanzoni mwa kazi kuna faida kuliko kumsubiri azeeke ndani ya wodi.

Baada ya dozi ya mwisho, subiri mwezi 1 hadi 2, kisha pima kingamwili kwa kipimo cha anti-HBs. Matokeo ya 10 mIU/mL (kipimo cha wingi wa kingamwili katika kila mililita) au zaidi yanamaanisha kwamba mtumishi amejenga kinga. Yaandike kwenye rejista na kwenye kadi yake, na baada ya hapo usimpime tena wala usimpe dozi ya nyongeza, kwa kuwa ushahidi uliopo unaonyesha kuwa kinga hiyo hudumu angalau miaka 30 kwa mtu mwenye afya, hata pale kingamwili zinaposhuka chini ya kiwango hicho. Wanaotengwa na kanuni hii ni wachache, hasa wanaosafishwa damu kwa mashine na wale ambao kinga yao ya mwili imeshuka; hao hupimwa kila mwaka.

Ugumu hutokea pale kipimo kilipokosekana kwa wakati wake. Mtumishi aliyechanjwa miaka kumi iliyopita akapimwa leo na kukutwa na 4 mIU/mL, hakuna anayeweza kusema kwa kutazama namba hiyo kama hakuwahi kujenga kinga au aliijenga na kingamwili zikashuka tu. Njia ya kutoka katika utata huo ni kumpa dozi moja na kumpima tena baada ya mwezi 1 hadi 2. Kingamwili zikipanda hadi 10 au zaidi, kumbukumbu ipo na suala limekwisha. Zisipopanda, kamilisha dozi mbili zilizobaki za mzunguko wa pili, kisha pima kwa mara nyingine.

Atakayebaki bila mwitikio baada ya mizunguko miwili kamili apimwe kama tayari ana maambukizi ya homa ya ini B, kwa sababu wakati mwingine hiyo ndiyo sababu yenyewe ya chanjo kutoshika. Akikutwa hana, maelezo yake yawekwe wazi kwenye rejista na yeye mwenyewe ayajue kwa moyo: akijichoma na sindano yenye damu inayoshukiwa, kinga yake itatokana na imunoglobulini ya homa ya ini B, yaani kingamwili zilizo tayari, inayotolewa haraka iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 24, na kurudiwa baada ya mwezi mmoja. Kukosa mwitikio peke yake si sababu ya kumwondoa kazini.

Chanjo nyingine na saa zake

Surua haihitaji kufuatiliwa sana pindi dozi mbili zikishaandikwa. Dozi moja hukinga kwa takriban 93% na mbili kwa takriban 97%, na kinga hiyo ni ya muda mrefu. Muhimu ni kwamba dozi hizo zitenganishwe kwa siku 28 au zaidi. Rubela hali kadhalika. Matumbwitumbwi, ambayo mara nyingi huwa ndani ya chanjo hiyohiyo, ni habari nyingine: dozi mbili hukinga kwa takriban 88%, kinga hupungua kwa miaka, na milipuko imeshuhudiwa miongoni mwa watu waliochanjwa kikamilifu, ndiyo maana dozi ya tatu hutolewa kwa walio hatarini wakati wa mlipuko. Homa ya manjano iliondolewa katika orodha ya chanjo za kurudia pale Shirika la Afya Duniani liliposema mwaka 2013 kwamba dozi moja inatosha maisha yote, na tangu Julai 2016 cheti chake cha safari hakina tena ukomo wa miaka 10. Pepopunda na dondakoo hurudiwa kila baada ya miaka 10 katika ratiba za nchi nyingi.

Kifaduro kinastahili tahadhari zaidi, hususani kwa wanaohudumia watoto wachanga. Chanjo inayotolewa kwa vijana na watu wazima, pamoja na pepopunda na dondakoo, hukinga watu kama 7 kati ya 10 katika mwaka wa kwanza, lakini baada ya miaka minne hubaki watu 3 au 4 tu kati ya 10. Mtumishi wa wodi ya watoto wachanga anayekohoa kwa wiki kadhaa asiondolewe katika orodha ya washukiwa kwa sababu tu kadi yake ina muhuri. Apimwe, atibiwe, na waliokutana naye wapewe antibiotiki za kuzuia kama ambavyo wangepewa wasiochanjwa.

Kwa homa ya mafua, fikiria majira. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani huchagua muundo wa chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya nusu ya kusini, kwa kuwa virusi vyenyewe hubadilika. Katika majira ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi, ufanisi wake huwa kati ya 40% na 60%. Mwili huhitaji wiki mbili hivi kujenga kinga, na kinga hiyo huanza kupungua ndani ya miezi. Kwa hiyo mchanje mtumishi wiki chache kabla ya kilele cha mafua mahali alipo. Akichanjwa nusu mwaka kabla, sehemu ya faida itakuwa imepotea. Mahali ambapo mafua huzunguka mwaka mzima, tazama takwimu za miaka iliyotangulia na uchague mwezi unaotangulia kilele kikubwa kuliko vyote.

Jinsi ya kusoma tafiti za UVIKO-19

Watumishi wa afya walichanjwa kabla ya watu wengine kuanzia Desemba 2020, na wengi wao walikuwa wakipimwa mara kwa mara hata bila dalili. Jambo hilo liliwafanya kuwa kundi lililofuatiliwa kwa karibu kuliko makundi mengi, na tafiti zao ni darasa zuri la kujifunza jinsi kinga inavyobadilika, hata kwa anayeshughulika na chanjo nyingine.

Katika utafiti wa HEROES-RECOVER wa Marekani, uliowahusisha watumishi wa afya na wafanyakazi wengine wa mstari wa mbele waliochukuliwa sampuli za pua kila wiki, chanjo za mRNA, kama ile ya Pfizer, zilizuia maambukizi kwa 90% katika miezi ya mwanzo. Aina ya kirusi iitwayo Delta ilipotawala, ufanisi ulikuwa 66%, kutoka 91% ya kabla yake. Nchini Uingereza, utafiti wa SIREN uliwapima watumishi kila baada ya wiki mbili. Kwa waliopata dozi mbili za Pfizer kwa nafasi fupi kati ya dozi, bila kuwahi kuambukizwa, ufanisi dhidi ya maambukizi ulikuwa 85% katika miezi miwili ya mwanzo na ukashuka hadi 51% baada ya siku 200 hivi. Waliokuwa wameugua na kisha wakachanjwa walibaki na kinga ya zaidi ya 90% kwa zaidi ya mwaka.

Linganisha namba hizo na za Sisonke, mpango wa Afrika Kusini ulioanza Februari 2021 na kuwapa watumishi wa afya wapatao 480,000 dozi moja ya Johnson & Johnson. Chanjo hiyo ilizuia kulazwa kwa 67%, kulazwa katika uangalizi mahututi kwa 75% na vifo kwa 83%. Kadiri madhara yanavyokuwa makubwa ndivyo ufanisi unavyopanda. Kila unaposoma asilimia ya ufanisi, tafuta kwanza inazungumzia ngazi ipi kati ya hizo. Mwandishi asiyeitaja amekupa namba isiyo na matumizi.

Kuhusu kingamwili, watafiti wa kituo cha tiba cha Sheba nchini Israeli waliwafuatilia wafanyakazi wao kwa miezi sita baada ya dozi ya pili wakaona kiwango cha jumla cha kingamwili kikishuka zaidi ya mara 18, wakati uwezo wa damu kukizima kirusi ulishuka mara 4 hivi. Walipotoa dozi ya nne wakati wa Omicron, aina ya kirusi iliyokuja baada ya Delta, kingamwili zilipanda tena kwa wingi, lakini ufanisi dhidi ya maambukizi kwa chanjo ya Pfizer ulikuwa takriban 30% tu. Namba ya kingamwili, basi, haikutabiri vizuri nani angeambukizwa. Hiyo ndiyo sababu sishauri kituo kitumie fedha kupima kingamwili za UVIKO-19 ili kuamua nani apewe dozi ya nyongeza. Hakuna kiwango kinachokubalika kama kile cha 10 mIU/mL cha homa ya ini B; fuata muda uliopita, umri na hali ya afya ya mtumishi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 uliwaweka watumishi wa afya wa mstari wa mbele katika kundi la kipaumbele cha juu cha dozi za nyongeza.

Kukokotoa ufanisi katika kituo chako

Tuchukulie kituo chenye watumishi 1,000, ambapo 950 wamechanjwa na 50 hawajachanjwa. Mlipuko unatokea, na watu 48 wanaambukizwa: 38 kati yao wamechanjwa na 10 hawajachanjwa. Siku hiyohiyo maneno yataanza kuzunguka kwamba karibu 80% ya wagonjwa wamechanjwa, hivyo chanjo ni bure. Usibishane; kokotoa. Waliochanjwa wameambukizwa 38 kati ya 950, yaani 4%. Wasiochanjwa wameambukizwa 10 kati ya 50, yaani 20%. Gawanya 4 kwa 20 upate 0.2, toa katika 1, na ufanisi ni 0.8 au 80%. Wagonjwa wengi wamechanjwa kwa sababu watumishi wengi wamechanjwa.

Hesabu hiyo inatosha kwa mlipuko mmoja mfupi. Unapotaka kujua kama kinga inapungua, hesabu watu kwa siku walizokaa katika kila hali badala ya kuhesabu vichwa. Mtumishi aliyechanjwa katikati ya mwaka amechangia siku za kutochanjwa hadi tarehe ile, kisha siku za kuchanjwa baada yake, na siku 14 za mwanzo baada ya dozi ziwekwe kando kwa kuwa mwili bado unajenga kinga. Zigawe siku za waliochanjwa katika vipindi, kwa mfano siku ya 15 hadi 90, ya 91 hadi 180, na zaidi ya 180. Tafuta kiwango cha maambukizi cha kila kipindi, kisha kilinganishe na cha wasiochanjwa katika wiki zilezile za kalenda. Maneno hayo ya mwisho ndiyo moyo wa kazi yote.

Mfano wa umuhimu wake ni watumishi wa hospitali za Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2021. Ufanisi dhidi ya ugonjwa wenye dalili ulikuwa zaidi ya 90% kuanzia Machi hadi Juni, kisha Julai ukawa 65.5%. Je, chanjo ilichoka? Katika wiki zilezile Delta ilikuwa imeingia, na masharti ya barakoa katika jimbo hilo yalikuwa yamelegezwa katikati ya Juni. Mambo matatu yalikuja kwa pamoja, na namba moja haiwezi kuyatenganisha. Watafiti walitazama ndani ya mwezi uleule wa Julai: waliokamilisha chanjo Januari au Februari waliambukizwa 6.7 kwa kila 1,000, waliokamilisha kati ya Machi na Mei 3.7 kwa kila 1,000, na wasiochanjwa 16.4 kwa kila 1,000. Kirusi kilikuwa kilekile na masharti yaleyale, kwa hiyo tofauti kati ya makundi mawili ya kwanza inaashiria athari ya muda. Jaribu kukokotoa mwenyewe: ufanisi ni kama 59% kwa waliotangulia na kama 77% kwa waliofuata.

Ipo mitego mingine. Watumishi wa uangalizi mahututi huchanjwa kabla ya wengine na hukutana na virusi zaidi, hivyo wanaweza kuonekana kama watu ambao kinga yao imechoka, kumbe ni kazi yao iliyo hatari. Aliyechanjwa huenda akawahi kupima akihisi mafua, wakati asiyechanjwa anakwepa kupima; dawa ya hilo ni kuwapima wote kwa ratiba moja. Tena, wasiochanjwa huugua kwa wingi mwanzoni na kupata kinga ya ugonjwa wenyewe. Baada ya miezi kadhaa kundi lao si tena kundi la watu wasio na kinga, na chanjo itaonekana kupungua nguvu hata kama haijapungua. Andika historia ya maambukizi ya kila mtu, na wachambue waliowahi kuugua peke yao.

Kituo kidogo kisijidanganye kwa asilimia. Katika mfano wetu wa watumishi 1,000, wasiochanjwa walioambukizwa wangekuwa 7 badala ya 10, ufanisi ungesomeka 71%. Wangekuwa 13, ungesomeka 85%. Watu watatu tu, wanaoweza kuongezeka au kupungua kwa bahati, wamehamisha jibu kwa kiasi hicho. Chini ya watumishi mia kadhaa, ni afadhali rejista itumike kuona nani amechelewa dozi na wodi ipi ina maambukizi mengi, na ufanisi wa chanjo uchukuliwe kutoka katika tafiti kubwa.

Kuwaeleza watumishi matokeo

Tangazo linalosema "chanjo inakinga kwa 80%" litaeleweka vibaya na wengi, baadhi wakidhani kwamba mtu mmoja kati ya watano waliochanjwa lazima augue. Andika ugonjwa, ngazi ya madhara, kipindi na hatua inayofuata, kwa mfano: "Katika miezi mitatu iliyopita, watumishi waliopata dozi ya nyongeza ndani ya nusu mwaka waliambukizwa UVIKO-19 mara chache kuliko waliochanjwa zaidi ya mwaka uliopita, hakuna aliyelazwa katika kundi lolote, waliopitisha mwaka mmoja wafike kliniki ya wafanyakazi kabla ya mwisho wa mwezi, na barakoa ziendelee kuvaliwa katika wodi ya saratani." Usitaje majina wala usitaje wodi yenye watu wachache kiasi kwamba aliyeugua atatambulika, na rejista yenyewe ifungiwe mahali ambapo msimamizi wa mtumishi hawezi kuifikia bila ridhaa yake. Mtumishi anapohama, apewe nakala ya tarehe zake zote pamoja na matokeo ya anti-HBs, kwa kuwa kituo anachokwenda kisipoyapata kitalazimika kumchoma dozi nyingine ili kujua jambo ambalo ninyi tayari mlilijua.